Kumhesabu Dubu Asiyejua Mpaka

Alfajiri ya tarehe 26 Juni 2006, kwenye milima ya kusini mwa jimbo la Bavaria, dubu dume wa miaka miwili alipigwa risasi akafa. Ujerumani haikuwa imeona dubu wa porini tangu mwaka 1835, na kwa wiki kadhaa kabla ya alfajiri hiyo nchi nzima ilikuwa ikimfuatilia huku ikiwa mwenyeji wa Kombe la Dunia. Magazeti yalimpa jina la Bruno. Alikuwa ameua kondoo zaidi ya 30, amevunja mizinga ya nyuki, ameingia mabandani kutafuta kuku, na amepita karibu na nyumba za watu bila woga wowote. Serikali ya jimbo ilianza kwa kumkaribisha. Baadaye ikaamuru auawe, kisha ikasitisha amri hiyo ili wataalamu kutoka Finland wajaribu kumkamata akiwa hai kwa kutumia mbwa wao. Waliposhindwa, amri ikarudi.

Watafiti walimjua kwa jina jingine: JJ1. Herufi moja ilitoka kwa mama yake, Jurka, ya pili kwa baba yake, Joze, na namba ilimaanisha mtoto wao wa kwanza kujulikana. Wazazi wote wawili walizaliwa katika misitu ya Slovenia. Walikamatwa huko na kuachiliwa Trentino, kaskazini mwa Italia, katika mradi ulioanza mwaka 1999 na kupeleka dubu 10 kwenye milima ambayo dubu wake wa asili walikuwa wamebaki wachache mno kuweza kuendelea wenyewe. Bruno alizaliwa Italia, akapita Austria, akafia Ujerumani. Italia alikuwa mnyama aliyelindwa na sheria, tena zao la mradi ulioigharimu nchi fedha na miaka. Bavaria alikuwa "dubu wa matatizo", kama alivyomwita waziri mkuu wa jimbo, Edmund Stoiber. Mnyama ni yuleyule na tabia ni zilezile. Kilichobadilika ni upande wa mlima alioamkia. Italia ilidai mwili wake. Bavaria ilimkausha na kumweka katika jumba la makumbusho mjini München.

Swali la nani mwenye dubu ni gumu kuliko linavyosikika. Dume kijana akiachana na mama yake hutafuta eneo lake mwenyewe, na safari hiyo inaweza kumfikisha mbali sana. Katika Ulaya ya kati, mwendo wa wiki chache unatosha kumvusha nchi tatu, na kila nchi ina waziri wake, wawindaji wake, wafugaji wake na sheria zake. Milima ya Dinari inaanzia Slovenia, inapita Kroatia na kuendelea Bosnia, na msitu wake ni mmoja. Lakini Slovenia iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Kroatia iliingia mwaka 2013, na hadi siku hiyo dubu alikuwa mnyama wa kuwindwa kwa kibali kama kulungu au nguruwe mwitu. Baada ya hapo akawa mnyama wa kulindwa, ambaye huuawa kwa ruhusa maalumu tu. Bosnia bado iko nje ya Umoja. Kwa hiyo, kwa miaka tisa, dubu aliyekunywa maji kwenye ukingo wa Slovenia wa mto Kolpa alikuwa chini ya ulinzi mkali, na akiogelea hadi ukingo wa Kroatia akawa halali ya mwindaji mwenye kibali.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1992 inayolinda wanyama na makazi yao haikatazi kabisa kuua dubu. Inaruhusu pale panapokuwa na hatari kwa watu au hasara kubwa, pasipokuwepo njia nyingine, na kwa sharti kwamba kuua huko hakudhoofishi jamii nzima ya dubu. Sharti hilo la mwisho ndilo lililowaingiza wanasayansi katika jambo hili. Huwezi kusema jamii ya dubu imedhoofika au haijadhoofika kama hujui wako wangapi, na kwa miaka mingi Ulaya haikujua.

Njia ya zamani ilikuwa ya wawindaji. Kila kitalu cha uwindaji kilihesabu nyayo, au wawindaji walikaa usiku kwenye vibanda vya juu wakiangalia dubu wanaokuja kula mahindi waliyomwagiwa, kisha hesabu zote zikajumlishwa ofisini. Watu hawa wanaujua msitu, na sidhani kuna sababu ya kudharau kazi yao. Shida ni kwamba dubu hakai kitalu kimoja. Anakula hapa leo, kesho anaonekana kwenye kitalu cha jirani, na keshokutwa ng'ambo ya mpaka. Kila anayemwona anamwandika kuwa wake. Dubu mmoja anageuka watatu kwenye karatasi, na mwaka unaofuata vibali vya kuua vinatolewa juu ya wanyama wasiokuwepo. Mfugaji aliyepoteza kondoo, kwa upande wake, haamini hesabu yoyote. Kwake dubu ni wengi kuliko serikali inavyokiri. Mtetezi wa wanyama naye anaamini ni wachache kuliko serikali inavyodai. Mkutano wa watu kama hao hauwezi kufika popote.

Watafiti watatu, Richard Bischof, Henrik Brøseth na Olivier Gimenez, walilipima tatizo hili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016 kuhusu dubu wa Norwe. Dubu wengi wanaoonekana Norwe wanaishi kando ya mpaka wa Uswidi, na eneo la kila mmoja lina sehemu upande huu na sehemu upande ule. Norwe ikimhesabu kila dubu aliyeacha alama kwenye ardhi yake kuwa ni dubu wake kamili, idadi inavimba kupita kiasi, kwa sababu Uswidi nayo inaweza kumhesabu mnyama huyohuyo. Dubu ambaye anatumia robo ya maisha yake Norwe, kwa hesabu, ni robo ya dubu kwa Norwe. Wazo hilo linachekesha ukilisikia mara ya kwanza, lakini ni hesabu ya haki kabisa. Leo taarifa za Norwe na Uswidi za dubu, mbwa mwitu na wanyama wengine wakali zinaingia katika hifadhidata moja, na mwaka 2020 Bischof na wenzake walichapisha ramani za wanyama hao kwa nchi zote mbili kana kwamba mpaka haupo.

Unamtambuaje dubu mmoja mmoja msituni, wakati hana milia kama punda milia wala madoa kama twiga, na mara nyingi humwoni kabisa? Jibu liko kwenye kinyesi chake. Chakula kinapopita tumboni hukwangua chembe ndogo za ukuta wa utumbo, na chembe hizo hutoka pamoja na kinyesi zikiwa na vinasaba vya mwenyewe. Vuli ni msimu mzuri wa kuvikusanya. Dubu anakula sana kujiandaa na usingizi wa baridi, na mavi yake yanakuwa marundo makubwa yaliyojaa mbegu za miti, maganda ya matunda na chenga za mahindi. Anayekusanya anakuwa na kichupa chenye spiriti na kijiti. Anachagua rundo ambalo bado ni bichi, anakwangua kipande kidogo kwa juu, maana chembe za utumbo hubaki kwenye ngozi ya nje ya kinyesi, anakitumbukiza kwenye spiriti ili vinasaba visioze, anaandika tarehe na mahali. Kazi yake imeisha. Mvua ikinyesha juu ya rundo hilo siku mbili tatu, au jua likilipiga, kilichobaki mara nyingi hakisomeki.

Maabara haisomi vinasaba vyote. Inaangalia sehemu chache zinazojulikana, ambako herufi za vinasaba hujirudia mara kadhaa, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya dubu na dubu. Sehemu moja haitoshi kumtambua mtu au mnyama. Sehemu kumi na kitu, zikisomwa pamoja, zinatosha kutenganisha hata ndugu wa tumbo moja. Sehemu nyingine inaonyesha kama ni dume au jike. Hapa umakini unahitajika kuliko mahali pengine popote, kwa sababu sampuli ya kinyesi ni chafu na vinasaba vyake vimekatikakatika. Ukisoma vibaya sehemu moja tu, unamzaa dubu mpya ambaye hajawahi kuishi. Ndiyo maana sampuli husomwa zaidi ya mara moja kabla ya jibu kukubaliwa. Na ndiyo maana pia nchi jirani zinalazimika kukubaliana mapema zitasoma sehemu zipi. Maabara mbili zikichagua sehemu tofauti, hakuna namna ya kujua kama dubu wa huku ndiye yule wa kule.

Ukishapata orodha ya waliotambuliwa, bado hujapata idadi yao wote. Wengine wamepita msituni vuli nzima na hakuna aliyekanyaga mavi yao. Fikiria mvuvi wa Ziwa Victoria aliye na bwawa la sato asilojua lina samaki wangapi. Anavua 100, anawatia alama, anawarudisha. Wiki ijayo anavua 100 wengine na kukuta 50 kati yao wana alama. Nusu ya samaki aliowashika mara ya pili ni wale wa zamani, kwa hiyo wale 100 wa kwanza ni takriban nusu ya bwawa, na bwawa zima lina kama 200. Kwa dubu, alama ni vinasaba, na kuvuliwa ni kuokotwa kwa kinyesi chake. Kadiri dubu yuleyule anavyojirudia mara nyingi kwenye sampuli, ndivyo unavyojua kwamba umebakiza wachache. Wataalamu huongeza marekebisho: madume hutembea zaidi kuliko majike, na dubu wa pembezoni mwa eneo huenda nusu ya maisha yake yako nje ya eneo linalochunguzwa.

Slovenia ilifanya hesabu ya namna hii kwa nchi nzima mwaka 2007, chini ya Chuo Kikuu cha Ljubljana, ambako Tomaž Skrbinšek na wenzake walirahisisha sana usomaji wa vinasaba kutoka kwenye kinyesi. Hesabu ilionyesha dubu kati ya 400 na 500. Mwaka 2015 ilirudiwa, na safari hii Kroatia ilifanya ya kwake wakati uleule, kwa njia ileile, chini ya mradi wa pamoja uliozihusisha pia Italia na Austria. Slovenia ilipata karibu 600. Waliookota kinyesi walikuwa hasa wawindaji, watu wa misitu na wananchi waliojitolea. Naliona hili kuwa jambo kubwa kupita hata teknolojia yenyewe. Mwindaji aliyebeba vichupa vyake msituni vuli nzima hawezi kurudi kijijini akasema namba zimepikwa mjini.

Vuli hiyohiyo ya 2015, maelfu ya wakimbizi na wahamiaji walikuwa wakipita nchi za Balkan kuelekea kaskazini. Mwezi Novemba serikali ya Slovenia ilianza kutandaza nyaya za wembe kwenye mpaka wake na Kroatia, ikiwemo kando ya mto Kolpa, katikati ya msitu wa dubu. Kwa hiyo wataalamu wa nchi mbili walikuwa wakikusanya sampuli ili kuthibitisha kwamba dubu wao ni jamii moja, huku wanajeshi wakichora mstari kati yao kwa chuma. Kulungu walikutwa wamekufa wakining'inia kwenye nyaya hizo. Zilianza kuondolewa mwaka 2022, na tarehe 1 Januari 2023 Kroatia ikaingia eneo la Schengen, ambako mipaka ya ndani haina ukaguzi wa kawaida. Nyaya zile ziliwekwa kwa ajili ya binadamu waliokuwa wakitafuta usalama, na hilo lina uzito wake peke yake. Lakini zilionyesha pia jinsi kazi ya miaka ya majirani inavyoweza kutenguliwa na uamuzi wa mwezi mmoja.

Vinasaba vilieleza mengine zaidi ya idadi. Vikipangwa kwenye ramani, vinaonyesha kwamba dubu jike haendi mbali. Binti huanzisha makazi yake jirani na mama, mara nyingi maeneo yao yakiingiliana. Dume ndiye msafiri. Matokeo yake, pembezoni mwa jamii ya dubu wa Dinari, kuelekea Austria na mkoa wa Friuli nchini Italia, karibu kila kinyesi kinachookotwa ni cha dume. Wanapita, wanakula, wanarudi. Pasipo majike hakuna watoto, na bila watoto eneo hilo halina jamii ya dubu hata kama dubu wanaonekana kila mwaka. Wasomaji wa magazeti wakisikia dubu ameonekana Alps hudhani dubu wamerudi. Takwimu zinasema ni wageni tu. Barabara kuu kutoka Ljubljana kwenda pwani, pamoja na reli yake, inaongeza ugumu: dubu hugongwa humo na magari na treni, na jike mwenye watoto ana sababu ya kugeuka nyuma. Kroatia ilipojenga barabara kuu ya Zagreb hadi Rijeka iliweka juu yake daraja la kijani lenye upana wa mita 100 mahali panapoitwa Dedin, lenye udongo na miti, na dubu wanalitumia. Sisi tungeliita ushoroba, na ni neno ambalo wakazi wa kando ya hifadhi zetu wanalijua vizuri.

Trentino inaonyesha upande wa pili wa tabia hiyo ya majike. Wale dubu 10 walizaa vizuri, na leo wako takriban 100. Ila majike wamebaki kwenye milima ileile ya magharibi, na bonde la mto Adige lenye miji, barabara na mashamba ya tufaha limewazuia kusambaa kwenda mashariki kuungana na ndugu zao wa Slovenia. Wote ni uzao wa wazazi wachache, na madume mawili, Joze na Gasper, ndiyo yaliyozaa sehemu kubwa ya kizazi cha mwanzo. Kwa hiyo dubu wengi wamebanana katika eneo dogo lenye watu wengi, na damu yao inazidi kukaribiana.

Mwezi Aprili 2023, kijana wa miaka 26 aliyekuwa akikimbia mazoezi msituni huko Trentino aliuawa na dubu. Vinasaba vilivyopatikana mwilini mwake vilimtaja mnyama: JJ4, jike, mtoto wa Jurka na Joze, dada yake Bruno. Miaka mitatu kabla, JJ4 alikuwa amewajeruhi baba na mwanawe, mkoa ukaamuru auawe, mahakama ikazuia. Baada ya kifo hicho alikamatwa na kufungiwa. Familia imempoteza kijana, na hakuna takwimu inayoweza kuwafariji. Ila ni sayansi ileile ya kinyesi na nywele iliyowezesha kumtafuta dubu mmoja mhusika badala ya kuua kila dubu aliyekutwa njiani.

Austria ilipita njia nyingine na kuishia pabaya. Dubu mmoja dume alifika mwenyewe kutoka Slovenia mwaka 1972 na kukaa kwenye milima ya Ötscher. Kati ya 1989 na 1993 shirika la WWF lilimwongezea wenzake watatu. Walizaliwa watoto wasiopungua 31. Kufikia mwaka 2011 hakubaki hata mmoja. Sampuli za vinasaba zilionyesha dubu mmoja baada ya mwingine akitoweka kwenye orodha, bila mzoga, bila taarifa. Watafiti wengi wanaamini waliuawa kwa siri. Hapo hesabu ilikuwa nzuri kabisa; kilichokosekana ni ridhaa ya watu wenye bunduki na wenye kondoo.

Ndiyo maana ninaitazama Slovenia kwa makini kuliko nchi nyingine. Ni nchi ndogo, ina dubu wengi, na huruhusu kuua wengi kila mwaka. Katika miaka ya karibuni kibali kimepita dubu 200 kwa mwaka. Wapo wanaoona huo ni ukatili, na mahakama za huko zimewahi kuzuia vibali hivyo. Lakini dubu wameongezeka tangu 2007, na wakazi wa vijiji vya msituni bado wanakubali kuishi nao. Kwa maoni yangu, kukubali huko kunatokana na mambo ya kawaida kabisa ya maisha. Mfugaji anapata msaada wa uzio wa umeme na mbwa wakubwa wa kulinda kondoo. Mwenye mizinga ya nyuki anazungushiwa waya. Akipata hasara analipwa, kile ambacho Tanzania tunakiita kifuta jasho. Na mapipa ya taka yanabadilishwa. Dubu anayejifunza kwamba nyuma ya nyumba kuna mabaki ya chakula hasahau, na jike humfundisha mwanawe. Jurka mwenyewe alikuwa amezoea kukaribia makazi ya watu, na watoto wake walimfuata. Pipa lenye kufuli ambalo dubu hawezi kulifungua, ambalo mama wa nyumbani analifungua kwa mkono mmoja, huenda limeokoa dubu wengi kuliko hotuba zote za mawaziri.

Romania, yenye dubu wengi kuliko nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, ilichelewa kuhesabu kwa njia hii. Kwa miaka mingi ilitegemea taarifa za vitalu vya uwindaji, na kwenye siasa kila upande ulikuwa na namba yake. Mwezi Julai 2024 msichana wa miaka 19 aliuawa na dubu akipanda mlima, na bunge likaitwa haraka likapitisha sheria ya kuruhusu dubu 481 wauawe mwaka huo. Matokeo ya sensa ya vinasaba yalitangazwa Aprili 2025: dubu kati ya 10,419 na 12,770, wengi kuliko makadirio yaliyozoeleka. Angalia mpangilio wa matukio hayo. Kifo kilitangulia, sheria ikafuata, namba ikaja mwisho. Na dubu hao wa milima ya Karpati ni wa Romania, Ukraine, Slovakia na Poland kwa pamoja.

Bara letu kusini mwa Sahara halina dubu, lakini kazi hii tumeifanya sisi pia, tena vizuri. Gorila wa milimani wanaishi kwenye volkano za Virunga, pale Rwanda, Uganda na Kongo zinapokutana. Kila gorila hujitengenezea kitanda kipya cha majani kila jioni na mara nyingi huacha kinyesi humo. Timu za nchi tatu zilipita kitanda kwa kitanda mwaka 2015 na 2016, zikachukua sampuli, na vinasaba vikaonyesha gorila 604, kutoka 480 mwaka 2010. Sensa ya Bwindi na Sarambwe ya mwaka 2018 ilipata 459. Jumla ikawa 1,063. Hiyo ilifanyika katika eneo ambalo serikali zake zimegombana, wakati mwingine kwa silaha, na askari wa wanyamapori wameuawa kazini. Kama majirani hao waliweza kukubaliana kuhusu kichupa cha spiriti, hakuna jirani anayeweza kusema haiwezekani.

Tembo wa Amboseli wanatukumbusha hatua inayofuata baada ya kuhesabu. Tembo hao huvuka mpaka wa Kenya na Tanzania, na taasisi za nchi zote mbili zimewahi kuwahesabu kwa pamoja kwa ndege, mwaka 2010 na 2013. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa vibali. Baada ya madume kadhaa ya Amboseli kuuawa upande wa Tanzania mwaka 1994, uwindaji wa tembo kando ya mpaka ule ulisimama kwa takriban miaka 30 kwa maelewano ya maneno tu. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 madume yenye pembe kubwa kabisa yalianza tena kuuawa huko Enduimet, upande wa Tanzania, na hoja zilizosikika Nairobi na Arusha zilifanana na zile za Roma na München baada ya Bruno. Kila nchi ilikuwa na sheria yake, na kila nchi ilikuwa sahihi kwa sheria yake.

Sioni kwamba Kenya lazima ifuate Tanzania, wala Tanzania ifuate Kenya. Slovenia na Kroatia hazikulazimika kufanana ili zikae meza moja. Ila maelewano ya maneno yamekwisha muda wake, na wataalamu wa pande zote mbili wanazo namba za kuanzia. Wizara mbili zinazohusika na maliasili zikutane, ziandike kwenye karatasi tembo wa Amboseli ni wangapi, madume wakubwa wamebaki wangapi, na ni wangapi, kama wapo, wanaoweza kuuawa bila kuidhoofisha jamii nzima. Na wafugaji wa Kimaasai wa pande zote mbili za mpaka, ambao ndio wanaoishi na tembo hao kila siku, wawe wamekaa mezani tangu siku ya kwanza.